Saiprasi Iliyovua Majani

Nikiulizwa ni kazi gani ninayoijua vizuri kuliko zote, nitasema ni kufunga mizigo. Kushona nimeshona zaidi ya nusu ya maisha yangu, sare za shule, magauni ya harusi, makoti ya wazee wa kanisa, lakini hata cherehani siijui kama ninavyojua kufunga mizigo. Najua sufuria ipi inaingia ndani ya ipi. Najua blanketi linavyokunjwa ili libebe vikombe bila kimoja kuvunjika. Na chini ya kila kitanda nilicholalia tangu tulipotoka shamba letu la kwanza pamekuwa na begi, limefungwa tayari, ndani mna blanketi, makasi yangu ya zamani, koti zito na birika ya chai.

Lile shamba la kwanza lilikuwa juu huko kwenye baridi, na tuliliacha katika mwaka mmoja wa uchaguzi, mchana kweupe, chakula kikiwa jikoni. Sitaeleza zaidi. Watu wa Rift Valley wanajua, na wasiojua wana bahati yao. Nakumbuka tu kwamba mume wangu alibeba mtoto, na mimi, kwa akili zangu zote timamu, nikabeba birika kutoka mekoni, na chai ilikuwa bado ndani. Niliimwaga barabarani tulipopata lori. Mume wangu akaniangalia akasema, kati ya vitu vyote, birika? Akacheka, mimi nikalia, na tangu siku hiyo sikuitumia tena. Nafikiri aliamini ilipotelea huko kwenye mahema. Sikumwambia iko wapi, naye si mtu wa kupekua begi la mwanamke.

Baada ya hapo tukapanga Nakuru. Tulikaa Lanet, tukahamia Free Area, tukahamia London, ile London yetu ya Nakuru, tukarudi Lanet kwa nyumba nyingine. Kila mahali nilipata kasoro. Hapa vumbi, pale mbwa wa jirani, kule mwenye nyumba ana macho ya kuchunguza. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maziwa, na alizoea kurudi jioni akute vyombo vimeshaingia kwenye maboksi. Hakugomba. Alikuwa anauliza tu safari hii ni wapi. Mama wa Kihindi ninayenunua nyuzi kwake mjini alifika mahali pa kunisalimia kwa swali moja, "Mama, sasa uko wapi?" Na alikuwa hakosei; kila nilipoenda kwake nilikuwa na anwani mpya ya kumpa.

Mume wangu alipostaafu alinunua kipande cha ardhi Kabazi, mahali palipokuwa shamba la mzungu zamani kabla ya kugawanywa. Mwenye kutuuzia alikuwa amekaa miaka mingi mbali, amejenga nyumba ndogo ya mbao akaiacha kwa panya. Nilipelekwa kuona nikiwa nimeshaandaa malalamiko yangu. Barabara ni tope. Soko ni mbali. Mteremko huu, cherehani itakaa wapi? Nilikuwa naendelea kuyataja moja moja huku tukiteremka kuelekea chemchemi iliyo chini ya shamba, kisha tukafika kwenye ule mti, nikanyamaza.

Kwa umbo ulikuwa saiprasi, umenyooka, umechongoka juu, mrefu kupita kila kitu kilichouzunguka. Lakini saiprasi mimi nazijua. Ua wetu wa kule juu ulikuwa wa saiprasi tupu, na jani la saiprasi lina magamba, linakwaruza, ukipita karibu umevaa sweta linakuachia uchafu. Huu nilipovuta tawi lake lilikuja laini mkononi kama manyoya ya kifaranga. Vijani vyembamba, bapa, vya kijani cha ndizi mbichi, vimejipanga pande mbili za kijiti kama meno ya kitana. Ganda la shina lilikuwa jekundu-jekundu na lilibanduka kwa vipande virefu. Chini, shina lilipanuka na kujikunja mikunjo mikunjo, na mimi fundi cherehani nikaona marinda. Mti ulivaa sketi ya marinda. Kandokando yake, kwenye udongo wa maji, kulikuwa na vitu vya mti vimechomoza kutoka ardhini hadi usawa wa goti, vimeviringana vichwani, havina tawi wala jani. Nikadhani ni visiki vya miti iliyokatwa zamani.

Mume wangu aliona nimenyamaza, akatumia nafasi. Akasema kama napenda hapa, tungeweza kujenga nyumba ya mawe. Nikamjibu tukae kwanza tuone. Akakubali. Lakini mawe aliagiza, yakaja, yakamwagwa mbele ya ile nyumba ya mbao, rundo kubwa linalokutazama kila ukifungua mlango. Tulipomaliza kupanga vitanda akainama kutafuta viatu vyake, akaliona begi langu limeshatangulia kuingia chini ya kitanda. Akainuka polepole.

"Mama watoto," akasema, "mimi siwezi kujenga na mtu ambaye begi lake liko chini ya kitanda. Siku utakayolitoa, nitaita fundi. Kama hutalitoa, tuuze mapema, nisizeeke nikiangalia mawe."

Hakuna siku nyingine aliyowahi kuniambia neno kama hilo. Mimi nikamwambia nitamjibu. Na sijui ni nini kilichonituma, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama dirishani na mti ulikuwa mbele yangu, nikaongeza kwamba huo mti ukistawi hapa, pengine na mimi nitastawi. Nilisema hivyo ili aniache. Yeye akachukua kama ahadi.

Nikalima. Nilipanda sukuma wiki, dania, maharagwe na viazi. Mume wangu akaniletea mche wa parachichi na mimi nikauacha kwenye mfuko wake wa plastiki nyuma ya choo, nikawa naumwagilia huko huko. Sikupanda kitu ambacho hakiwezi kuvunwa kabla mtu hajafukuzwa. Sikuwa nimeipanga kama sheria, mikono yenyewe ilikuwa imeamua.

Kiangazi kikaja na upepo wake. Mwezi wa Januari nilitoka asubuhi kwenda kuchota maji nikaona mti umebadilika rangi kwenye ncha. Nikasema ni jua. Baada ya siku chache rangi ikaingia ndani, ikawa ya manjano, kisha ya kutu, ile rangi ya mabati yaliyonyeshewa miaka. Rangi hiyo naijua. Wakati mmoja kule shamba la kwanza waliingia wadudu wadogo kama chawa, wakashika saiprasi za nchi nzima, na ua wetu wote ukageuka hivyo hivyo, kuanzia ncha, kisha ndani, hadi boma lote likawa kama limeunguzwa. Kila mtu alikata ua wake. Hakuna hata mmoja uliopona, na kila nyumba ikabaki uchi barabarani. Haikupita miaka mingi tukaondoka. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yalikuwa yameshonwa pamoja, kukauka kwa ua na kukimbia kwetu, na sikuwahi kuyafumua.

Nikamwambia mume wangu mti unakufa. Akatoka, akauangalia na mikono nyuma, akasema labda ni kiu. Nikamuuliza kiu gani na umesimama ndani ya maji. Akasema basi nisubiri.

Mimi na neno subiri hatupatani. Nilianza gauni la mteja nikaliacha na mkono mmoja. Nilifagia uwanja uliofagiwa. Nilienda Nakuru kununua uzi mweupe na nilikuwa nao mwingi, na yule mama wa Kihindi akaniuliza sasa niko wapi, nikamjibu bado niko Kabazi, akashangaa, akaniuliza tena kama nina hakika. Jioni nikarudi nikakuta majani mengi zaidi yameanguka na mbingu inaonekana katikati ya matawi ya juu. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande. Mume wangu alikuwa anakoroma vizuri tu, na hilo nalo lilinikasirisha.

Hapo nikampigia simu mtu wa pawasoo, msumeno wa injini, yule wa Subukia anayepasulia watu mbao. Nilimwambia nina mti mkubwa umekauka karibu na maji, aje aulaze kabla ya mvua. Akasema Jumamosi. Nilipomaliza kuongea ndipo nikamwambia mume wangu. Alikuwa anakula. Hakusema mti ni wa nani wala nani ameamua. Aliuliza tu, "Na mawe?"

Nikamwambia mawe yanaweza kuuzwa pamoja na shamba. Akaendelea kula, lakini hakumaliza.

Ijumaa nilishuka kufunga kamba kwenye shina ili yule kijana ajue upande wa kuuangushia. Mama jirani alikuwa chemchemini anajaza mtungi. Ni wa rika langu, ana mbuzi watundu na mdomo mtundu kuliko mbuzi, na tangu tuhamie alikuwa amenitania kwa kila kitu, hadi jinsi ninavyoshika jembe. Siku hiyo hakutania. Aliangalia kamba, akaniangalia mimi.

Akaniuliza kama nimeamua. Nikasema nimeamua. Akasema haya, mti ni wako. Akajitwika mtungi akaenda, na alipofika kwenye kona akageuka kuniangalia, kisha akaendelea na njia yake. Nilitamani angesema neno moja la kunipinga. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya mume wangu. Nikachukua ufagio nikateremka kufagia chini ya mti, ili magogo yasiangukie takataka. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kukaa. Majani yalikuwa yamelala chini kama zulia, ya rangi ya kutu, laini, hayana kelele ukiyakanyaga. Nilifagia rundo la kwanza, nikafagia la pili, nikainama kuokota lililonasa kwenye ufagio. Na hapo macho ya fundi cherehani yakaona kitu ambacho macho ya mkimbizi hayakuona.

Halikuwa jani moja moja lililoanguka. Mti ulikuwa umeachilia kijiti kizima na vijani vyake vyote vikiwa vimeshikana pande mbili, kama ulivyovishona. Na pale mwisho, mahali kijiti kilipokuwa kimeungana na tawi, palikuwa safi. Hapakuraruka, hapakuvunjika, hapakuwa na kamba-kamba zinazoning'inia. Kitambaa kikiraruka nakijua hata gizani, na mshono ukifumuliwa naujua. Hii ilikuwa imefumuliwa. Nikaokota kingine, nikaokota kingine. Vyote hivyo hivyo.

Nikaacha ufagio hapo, nikapanda hadi kwenye ua wa mama jirani ambako kuna tawi la saiprasi ya kawaida lililokauka tangu tulipohamia. Tawi hilo lilikuwa limekufa kabisa, na bado lilikuwa na majani yake yote. Yamekuwa ya kahawia, makavu, makali, lakini yameng'ang'ania. Nikavuta, likavunjika vibaya na kunichoma kidole. Ndipo nikaukumbuka ua wetu wa kule juu. Ule ua ulikufa na majani yake. Yalikaa pale hadi tukaukata, yalikuwa bado yako pale hata tulipoyatia moto. Mti uliokufa hauna nguvu ya kuachilia kitu.

Nilirudi mbio chini, mzee kama nilivyo. Nikavuta tawi la chini la ule mti wangu, nikatoa makasi mfukoni mwa aproni, nikakwangua ganda kidogo. Ndani ulikuwa kijani, na unyevu. Nikakwangua lingine. Kijani. Na kwenye kila kijitawi, nilipovaa miwani, kulikuwa na vifundo vidogo mviringo, vimefunga, vigumu kama vifungo vya shati la mtoto.

Ungetegemea nifurahi. Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikautukana mti kwa sauti, mbele ya ndege, kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Kichwani nilikuwa nimeshafika Nakuru, nimeshapata chumba, nimeshapanga vyombo. Nilitaka uwe umekufa. Ungekufa, mimi ningekuwa na sababu, na mume wangu asingekuwa na la kusema. Nikakaa juu ya kimoja cha vile visiki, na nikajua kwamba sababu sina.

Kijana wa pawasoo alifika na pikipiki, msumeno umefungwa nyuma, na mume wangu akatoka akaenda kukaa juu ya rundo la mawe. Hakuteremka. Alikaa tu huko juu, mikono magotini, akiangalia upande wa mti. Kijana akauzunguka mti, akapiga shina kwa kiganja, akavuta kamba yangu.

"Mathe, sogea kidogo, hii naangusha huku," akasema.

Nikamwambia haikatwi. Akafikiri ni mambo ya bei. Nikamwambia si bei, mti haujakauka. Akaniangalia kwa huruma, akanionyesha juu, matawi matupu hadi kileleni.

"Mathe, hii ni kavu. Ona, haina kitu."

"Haijakauka," nikasema. "Imevua."

Hakunielewa, na sikumlaumu. Nilimpa chai na chapati, nikampa pia lile tawi kavu nililovunja kwenye ua wa jirani apasue kuni asirudi mikono mitupu, na akaondoka akitikisa kichwa. Mume wangu alikuwa bado juu ya mawe. Nilipopita kwenda jikoni hakuniuliza, na mimi sikumweleza. Lakini chakula cha mchana siku hiyo alimaliza.

Jioni nilienda kwa mama jirani. Nikamuuliza, bila kuzunguka, kama alijua. Akasema kujua nini, kwamba ule mti unamwaga majani? Kila mwaka unamwaga. Hata mama mkwe wake aliukuta unamwaga. Nikamuuliza mbona hakuniambia na aliniona na kamba mkononi.

"Mti ni wako," akasema. "Mtu akikata mti wake unamuuliza ya nini? Nilidhani unataka mbao za kuuza mkiondoka."

"Nani alikuambia tunaondoka?"

Alicheka, lakini si ule utani wake wa kila siku. "Mama, unapanda dania. Na lile parachichi lako la nyuma ya choo tunalionea huruma sisi wote."

Nilikuwa nimewaficha watu begi na hata sikujua kwamba shamba lenyewe limenitangaza.

Binti yetu anayefanya kazi mjini alikuja Jumapili iliyofuata akapiga picha za kila kitu, kijiti kilichoanguka, marinda ya shina, vile visiki, na vile vitunda mviringo nilivyoviokota chini, vya ukubwa wa ndimu ndogo, ambavyo ukivibonyeza vinavunjika vipande na kukuacha vidole vinanata na kunukia kama dawa ya kifua. Alimtumia rafiki yake aliyesomea misitu. Jibu likaja, akatusomea tukiwa nje. Ni saiprasi kweli, lakini si ya jamii ya ua wetu. Ni saiprasi ya kinamasi, kwao ni Amerika, mahali penye mito inayofurika. Vile visiki si visiki. Ni magoti ya mti wenyewe, yanaota kutoka kwenye mizizi, na hata waliosoma hawajakubaliana magoti hayo ni ya kazi gani. Kwao kukija baridi kali na theluji, saiprasi hiyo inamwaga majani yote, inasimama uchi hadi baridi ipite. Ni miti michache sana ya jamii hiyo inayofanya hivyo.

Mume wangu akauliza theluji ya Kabazi iko wapi. Binti akacheka akasema hakuna, baba, ni tabia tu.

Niliwaacha wakiongea nikateremka peke yangu. Mzungu gani aliuleta, kwa meli gani, kwa sababu gani, hatutajua. Lakini tangu uje haujaona hata chembe ya theluji, na bado kila mwaka unajiandaa. Unavua kila kitu, unafunga vifundo vyake, unasimama kungojea baridi iliyobaki ng'ambo ya dunia. Kisha hauendi popote. Nikashika goti moja la mti, lilikuwa na joto la jua. Nikauambia, wewe na mimi. Mambo mengine siwezi kuyaandika.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba baada ya hapo nilitulia. Sikutulia. Februari ilinichosha na Machi ikanimaliza. Vumbi liliingia hadi kwenye unga. Mvua ilikuwa inatishia upande wa Bahati kisha inaghairi. Nilikuwa nateremka kwa mti asubuhi na jioni, naukwangua ganda mahali papya, naukuta kijani, narudi, na nusu saa haipiti kabla ya kuanza kufikiri labda kijani hicho ni cha mwisho. Nilimaliza lile gauni la mkono mmoja nikagundua nimeshona mkono kinyume. Begi lilikuwa bado chini ya kitanda. Mume wangu hakuligusa na hakulitaja, alikuwa tu anachukua viatu vyake upande wa pili.

Kisha siku moja, mvua bado haijaja, nikaona. Vile vifungo vilikuwa vimepasuka kidogo, na katika kila mpasuko palikuwa na ncha ya kijani, ndogo sana, hata ukisimama hatua chache huioni. Ukiangalia kwa mbali mti ulikuwa mtupu vile vile. Nilisimama hapo na moyo wangu ukafurahi kwa namna iliyoniuma, kisha nikaogopa. Kwa sababu nilikuwa nimesema. Mti ukistawi, nitastawi. Nikisema nimeona kijani, lazima nijibu. Basi nikanyamaza. Nilirudi nyumbani na siri yangu nikapika ugali, na mume wangu, ambaye macho yake siku hizi hayasomi hata gazeti, akaniuliza mti ukoje, nikamwambia uko vile vile.

Nilificha majira hayo kama mlevi anayeficha chupa. Kila siku ncha zilikuwa zinakua. Zikawa vijinyoya. Mti ukawa na ukungu wa kijani kuuzunguka, mwepesi kiasi kwamba ungeweza kusema ni macho yako, kisha ukazidi, na mvua iliponyesha mara ya kwanza, usiku kucha juu ya mabati, asubuhi hakukuwa na cha kuficha tena. Ulikuwa umevaa. Kijani kipya, laini, kinachoangaza hata mawingu yakiwa mazito, na mama jirani aliyekuwa chemchemini akapiga kelele kutoka huko chini nishuke nikaone mti wangu uliokufa. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe chake. Aliangalia, akanywa, akaingia ndani. Nilingoja aniulize siku hiyo na siku iliyofuata, na kutoniuliza kwake kulinikosesha raha kuliko kelele zozote.

Nikachukua simu nikapiga bila kumwambia, kama nilivyompigia yule wa pawasoo. Jumamosi akaja mwanamume mwenye kamba, vigingi na futi ya kupimia. Mume wangu alimwona akishuka kwenye pikipiki, akatazama ile futi, na uso ukamsawijika. Nilielewa alichofikiri. Alifikiri nimemleta mtu wa kupima shamba liuzwe. Akaenda akakaa juu ya mawe yake, mgongo umeinama, akawa anamwangalia yule mtu akigonga kigingi cha kwanza.

Mimi niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikalivuta begi. Zipu ilikuwa imeshika kutu, nikaikata kwa makasi. Birika ilikuwa katikati ya blanketi, nyeusi chini kwa masizi ya jiko ambalo halipo tena. Niliiosha, nikachemsha chai ya maziwa nyingi, nikatoka nayo nje. Yule mtu alikuwa ameshamaliza kufunga kamba pande mbili.

"Mathe," akaniita, "mlango mkubwa nielekeze wapi?"

Nikamwonyesha kule chini, kwenye mti. Mume wangu akainua kichwa. Alinitazama mimi, akamtazama fundi, kisha akaiona birika mkononi mwangu, na akainuka juu ya mawe taratibu, kama mtu asiyeamini miguu yake.

"Hiyo si ile?"

"Ni ile."

"Nilidhani ilipotea." Akaigusa mpini. "Niliona majani yakianza kutoka, mama watoto. Wiki kabla ya mvua. Nilienda nikashika kwa mkono. Nikaona bora ninyamaze, usije ukafikiri nakudai." Alikuwa bado ameshika mpini, na mimi nimeshika, na chai inamwagika kidogo. "Ilikuwa wapi miaka hii yote?"

Fundi alikuwa ameshasogea na kikombe chake, anangoja.

"Ilikuwa inangoja nyumba," nikamwambia, na nikaanza kumimina.